Nguo ya Waya: Kwa Nini Plastiki Safi Haitoshi

Mwizi wa kebo huichoma plastiki ili apate shaba. Kwake shaba ndiyo mali, plastiki ni ganda la kutupa. Wengi wetu tusioiba tuna hesabu hiyohiyo: tukienda dukani kununua waya tunauliza kama ni kopa halisi, tunaukunja, tunaukwaruza kwa kisu, tunapima unene wa nyuzi zake, kisha tunalipa. Ile nguo ya plastiki iliyouvika waya hatuiulizi chochote isipokuwa rangi. Lakini kebo ikifa chini ya ardhi, ukaifukua na kukata kipande hatua chache kutoka pale ilipopasuka, utaikuta shaba bado ni shaba, inaweza kuyeyushwa na kuuzwa leo hii. Kilichokufa ni nguo. Umri wa kebo umo ndani ya kile anachokichoma mwizi. Leo nataka kuzungumzia nguo hiyo, na hoja yangu ni moja: kihami bora cha umeme hakipatikani kwa kuitafuta plastiki safi kupita zote. Hupatikana kwa kuichanganya plastiki hiyo, kwa kipimo, na vitu ambavyo vikipimwa peke yake maabara vitaonekana vinaiharibu. Sababu yake ni kwamba kebo haiishi maabara. Inaishi katika joto, katika udongo wenye maji, kwa miaka 30 au 40, na huko joto na umeme hushambulia kwa pamoja.

Plastiki yenyewe mnaijua. Ni polietilini, mama wa zile jualajuala na mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019, na mama pia wa mabomba meusi ya maji na matangi yanayokaa juu ya nyumba. Ilizaliwa kwa bahati. Mwezi Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson waliifungia gesi ya ethilini pamoja na kemikali nyingine ndani ya chombo cha chuma, wakaibana kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja la hewa tunayovuta. Walikuwa wakitafuta kitu kingine. Walipofungua walikuta unga mweupe kama nta. Walijaribu tena, mambo yakaharibika, na kazi ikawekwa kando hadi Desemba 1935, wenzao walipoirudia. Safari hiyo chombo kilikuwa kinavuja, ikabidi waongeze gesi, na gesi ile ya nyongeza ilikuja na oksijeni kidogo sana ndani yake. Oksijeni ile ndiyo iliyowasha mwitikio. Ingekosekana, pasingepatikana kitu. Ingezidi, chombo kingelipuka. Kwa hiyo hata siku ya kuzaliwa kwake, polietilini ilihitaji uchafu kidogo, na ilihitaji uwe wa kipimo. Mkiniruhusu, jambo hilo tuliweke kiporo, tutalirudia.

Wahandisi wa umeme waliipenda kwa sababu ya ukimya wake. Molekuli ya polietilini ni kama uzi mrefu wa shanga, kila shanga ni kaboni iliyobeba haidrojeni mbili, na katika uzi huo hakuna upande wenye chaji chanya wala upande wenye chaji hasi. Umeme wa majumbani kwetu hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Plastiki zenye pande mbili za chaji, kama PVC, hujaribu kugeuka pamoja na umeme huo, na kule kugeukageuka huzalisha joto. Polietilini haina cha kugeuza. Viwango vya kimataifa vinavyotumika kukokotoa upotevu huo vinaipa polietilini namba ambayo, ukilinganisha na ile ya PVC kwa msongo uleule na umbo lilelile la kebo, upotevu wa PVC unakuwa zaidi ya mara 300. Ndiyo maana Uingereza iliikimbilia wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kebo za rada. Na ndiyo maana ilikiondoa kihami kilichotawala bahari kwa karibu karne nzima, yaani gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya. Kebo ya telegrafu iliyofika Unguja mwaka 1879 ikitokea Aden ilikuwa imevikwa gutapecha. Kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, mwaka 1956, ilivikwa polietilini, na kebo za mkongo zilizotua Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 zimevaa nguo ya ukoo huohuo.

Kama hadithi ingeishia hapo, hoja yangu ingekuwa imekufa, maana polietilini safi ingetosha. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni joto. Zile nyuzi za shanga hazikufungwa pamoja kwa kitu chochote imara. Sehemu fulani zimejipanga vizuri zikafanya fuwele ndogondogo, sehemu nyingine zimevurugika kama tambi, na fuwele hizo ndizo zinazoifanya plastiki isimame. Kwa polietilini ya kawaida ya kebo, fuwele huyeyuka zote katika nyuzijoto 105 hadi 115 hivi, lakini huanza kulainika mapema zaidi. Ikilainika, shaba yenye uzito wake inaanza kuzama ndani ya nguo yake, unene unapungua upande mmoja, na mkazo wa umeme unapanda palepale pembamba. Ongezeni na jambo jingine ambalo husahauliwa: nguo inayozuia umeme inazuia na joto. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko polietilini. Mkondo ukiongezeka, shaba inapata moto, na moto huo lazima upenye plastiki ndipo uingie udongoni. Ni mtu aliyevaa koti zito asiloweza kulivua, kisha akaambiwa akimbie. Kwa sababu hizo, kebo ya polietilini ya kawaida haikuruhusiwa kupita nyuzi 70 katika kazi ya kila siku, haidhuru ukimya wake wa umeme uwe mkubwa kiasi gani.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuzifuma nyuzi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 wataalamu wa General Electric, Marekani, walionyesha njia ya kutia peroksaidi ndani ya polietilini, kuivisha kebo, kisha kuipasha moto ndani ya bomba lenye shinikizo hadi nyuzi zishikane zenyewe kwa zenyewe. Matokeo ni polietilini iliyofumwa, ile mnayoiona imeandikwa XLPE ubavuni mwa kebo. Njia ya pili ni ya kopolima, na ndiyo inayonivutia zaidi kwa mazungumzo haya. Kopolima ni uzi wenye shanga za aina mbili. Hapa shanga za ethilini zinachanganywa na chache za silani, kitu chenye silikoni ndani yake, zikiwa labda moja au mbili katika kila mia kwa uzito. Kebo ikishavikwa, inapelekwa kwenye maji ya moto au chumba chenye mvuke. Maji yanapenya taratibu, yanakutana na silani, na silani zinashikana. Angalieni hapo: maji, adui mkubwa wa kila kihami cha umeme, ndiyo yanayoipika nguo hii ikaiva. Na pale hewa ilipo na unyevu na joto, kama pwani yetu, kazi hiyo huendelea hata kebo ikiwa imewekwa ghalani. Kiwanda cha njia hii hakihitaji bomba refu la shinikizo, na kwa hiyo kebo nyingi za msongo mdogo duniani hutengenezwa hivyo.

Sasa kufuma kumebadilisha nini? Swali hili ndilo kiini, maana jibu lake linashangaza. Ukipima tabia za umeme, karibu hakuna kilichobadilika. Namba ni zilezile au zimeharibika kidogo kwa masalia ya kemikali. Hata fuwele zinayeyuka palepale zilipokuwa zikiyeyuka. Kilichobadilika ni kinachotokea baada ya hapo: badala ya kutiririka kama samli, plastiki inageuka kuwa kama mpira, inashika umbo lake, na ikipoa inarudi. Kwa hiyo kebo inaruhusiwa nyuzi 90 kila siku, na nyuzi 250 kwa sekunde chache za shoti. Nyuzi 20 za nyongeza zinaweza kuonekana ndogo. Fanyeni hesabu rahisi. Udongo wa Ulaya wenye nyuzi 15 unaiachia kebo ya nyuzi 70 nafasi ya kupanda nyuzi 55, na ile ya 90 nafasi ya 75; ukizingatia kwamba ukinzani wa shaba nao unaongezeka kwa joto, faida ya mkondo inakuwa kama asilimia 13. Udongo wenye nyuzi 30, ambao kwetu ni jambo la kawaida, unaacha nafasi ya 40 dhidi ya 60, na faida inapanda hadi karibu asilimia 19. Yaani badiliko ambalo halikuongeza chochote kwenye tabia za umeme limeongeza uwezo wa kebo kubeba umeme, na limeongeza zaidi katika nchi za joto kuliko kule lilikobuniwa. Anayekipima kihami kwa jicho la umeme peke yake hawezi kuliona hilo.

Lakini kufuma nako hakukutosha, na hapa ndipo ushahidi mzito wa hoja yangu ulipo. Kebo za XLPE za msongo wa kati zilizozikwa Marekani na kwingineko mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 zilitarajiwa kudumu miongo mingi. Nyingi zilianza kupasuka kabla hazijamaliza hata miaka 15. Tatizo hilo watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha kuliripoti mwaka 1969. Ukikata plastiki vipande vyembamba, ukavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini, unaona vitu kama vichaka au matawi ya mti, vimeota kutoka kwenye chembe ya uchafu au tundu dogo kuelekea upande wa pili. Wanaiita miti ya maji. Inaota taratibu, kwa mkazo wa umeme ulio mdogo sana kuliko ule wa kuipasua plastiki, ilimradi pawepo unyevu. Haitoi cheche, haitoi kelele, na kipimo cha kawaida cha kuvuja kwa umeme huenda kisiione mpaka imekomaa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa msemo umekuwa kweli neno kwa neno. Na kwa nini maji yaliweza kuotesha miti katika plastiki inayochukia maji? Kwa sababu hiyohiyo ya kuyachukia. Polietilini safi haina mahali pa kuyapokea, kwa hiyo yale machache yanayoingia hukusanyika pamoja kwenye tundu au chembe ya chumvi, yanakuwa tone, na umeme unalivuta tone hilo mbele.

Tiba ilikuja kwa njia mbili. Moja ni usafi: malighafi zichujwe vizuri zaidi, kufuma kufanyike kwa gesi kavu badala ya mvuke uliokuwa ukiacha vitundu na maji, na tabaka zote tatu za kebo, yaani nguo yenyewe na tabaka jeusi kila upande wake, zivishwe kwa mkupuo mmoja. Njia ya pili, iliyoenea katika miaka ya 1980, ni kinyume cha usafi. Wataalamu walichanganya ndani ya polietilini kiasi kidogo cha kopolima yake, kwa mfano ya ethilini na butili akrilati, ambayo ina shanga zenye pande mbili za chaji, zile tulizosifu polietilini kwa kutokuwa nazo. Shanga hizo hupenda maji. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba zinayagawa maji yaliyoingia, kila moja inashika kidogo chake, na tone halipati nafasi ya kukusanyika. Upotevu wa umeme unapanda kidogo, hilo ni kweli na hupimika. Lakini miti inadumaa. Leo aina hizi zinazozuia miti ndizo zinazotakiwa na mashirika mengi ya umeme kwa kebo za msongo wa kati zinazozikwa penye unyevu. Ni ile oksijeni ya mwaka 1935 imerudi kwa sura nyingine: kidogo kinaponya, kikizidi kinaua.

Tazameni sasa lile tabaka jeusi jembamba lililobana shaba, na jingine juu ya nguo nyeupe. Wengi hudhani ni plastiki ile kwa rangi nyingine tu. Kazi yake ni kuusawazisha mkazo wa umeme, kwa sababu nyuzi za shaba zina migongo na mabonde, na penye mgongo umeme huuma zaidi. Tabaka hilo lazima lipitishe umeme kidogo. Linatiwa masizi ya kaboni, mara nyingi zaidi ya robo ya uzito wake, na polietilini yenye fuwele nyingi haiwezi kumeza masizi hayo yote bila kuwa kavu na kuvunjika. Kwa hiyo wanatumia kopolima yenye fuwele chache, kama ethilini na vinili asetati inayojulikana kwa herufi EVA, au hiyo ya butili akrilati. Lakini kuna mtego wa joto. Chembe za masizi hupitisha umeme kwa kugusana. Plastiki ikipata moto inatanuka, fuwele zinayeyuka, chembe zinaachana, na ukinzani unapanda mara nyingi. Tabia hiyo katika nchi za baridi ni neema: wanatengenezea waya wa kupasha mabomba yasigande, unaojipunguzia moto wenyewe. Ndani ya kebo ya umeme ni hatari, na ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya IEC vinataka tabaka hilo la nje libaki chini ya omu-mita 500 likiwa kwenye nyuzi 90, pale hasa linapojaribiwa. Mchele mmoja, mapishi mengi; ila mpishi asiyejua jiko litawaka moto kiasi gani atauunguza.

Nisije nikaonekana nauza kopolima kama dawa ya kila ugonjwa, tuitazame EVA hiyohiyo mahali pengine, juu ya paa. Vioo vingi vya sola vilivyoenea vijijini kwetu vina EVA ndani yake, ikiwa na vinili asetati ya kiasi cha thuluthi moja au pungufu kidogo, ili iwe angavu na ishike kioo na seli kwa pamoja. Kiasi hicho kikubwa kinaiondolea karibu fuwele zote, kwa hiyo inayeyuka katika nyuzi 60 au 70 tu, joto ambalo paneli iliyo juani hufika. Isipofumwa vizuri kiwandani, seli zinaanza kuteleza. Kisha joto na mwanga vikiendelea kwa miaka, vinili asetati inaachia asidi ileile inayotia ukali siki, nayo inakula mistari ya fedha inayokusanya umeme. Na kwa kuwa inapitisha umeme zaidi kuliko polietilini, paneli zikiunganishwa mfululizo hadi volti 1,000 au zaidi, mkondo mdogo unavuja kutoka kwenye seli hadi kwenye fremu na uwezo wa paneli unashuka. Huko Carrizo, California, katika miaka ya 1980, paneli zilizoongezewa jua kwa vioo vya kuakisi zilikuwa na EVA iliyogeuka kahawia, na mavuno yake yakaporomoka. Ukoo uleule wa kopolima uliokuwa tiba ndani ya kebo kwa asilimia chache umekuwa ugonjwa juu ya paa kwa asilimia thelathini. Hilo halivunji hoja yangu, linaikaza. Nilisema kwa kipimo, na kipimo hutolewa na joto la mahali, umeme wa mahali, na miaka inayotakiwa.

Msikilizaji mwenye elimu ya fizikia atanipinga: umekubali mwenyewe kwamba kila nyongeza inaongeza upotevu; basi katika kebo ya msongo mkubwa, ambako upotevu huo huongezeka kwa mraba wa volti, si heri tubaki na plastiki safi? Ni pingamizi la haki, na kwa msongo mkubwa kabisa ndivyo inavyofanyika. Kebo za kilovolti 132 na kuendelea hutumia XLPE safi mno, lakini angalieni gharama ya usafi huo: kebo inavishwa shati la risasi au alumini lisilopitisha hata mvuke. Kwa maneno mengine, usafi unafaa ukiweza kuulinda. Kebo ya kilovolti 11 au 33 inayopita mitaani chini ya mtaro haina shati hilo, na maungio yake yanafanyiwa kazi shimoni, wakati mwingine mvua ikinyesha. Huko upotevu wa kiasi fulani cha wati kwa mita hauna uzito mbele ya uwezekano wa kupasuka. Kihami hakifi kwa wastani wake. Kinakufa mahali pamoja, pale palipo dhaifu kuliko pote, na nyongeza ile imewekwa kwa ajili ya mahali hapo pamoja.

Pingamizi la pili ni la mazingira, na sitalipuuza. Polietilini iliyofumwa haiyeyushwi tena ikatengenezwa bomba au ndoo. Nyuzi zilizoshikana hazitengani. Kebo ikizeeka, nguo yake inasagwa kuwa kijazio au inachomwa. Nakubali ni kasoro, tena ya kimaumbile: kile kile kinachoiokoa kwenye joto ndicho kinachozuia kuirejeleza. Lakini tupime vizuri. Mfuko wa rambo ulihudumu dakika chache, kutoka gengeni hadi jikoni, kisha ukakaa mtaroni miaka. Nguo ya kebo inahudumu miongo, na ikifa mapema tunachimba barabara, tunatupa nguo ya zamani na kuvisha mpya, yaani plastiki maradufu. Kurefusha umri ndiyo hifadhi ya kwanza. Hata hivyo, pingamizi hili limekwisha kuzaa matunda: Italia kuna kebo zenye kihami cha mchanganyiko wa polipropilini, binamu wa polietilini, zinazostahimili nyuzi 90 bila kufumwa na zinazoweza kuyeyushwa tena. Polipropilini safi ni ngumu na huvunjika, kwa hiyo nayo imelainishwa kwa kopolima. Hata wanaokimbia kufuma hawakuukimbia mchanganyiko.

La tatu ni la mfukoni. Mtu atasema: haya yote ni ya mashirika makubwa, nyumbani kwangu waya wa PVC unatosha na bei yake naimudu. Kweli, unatosha, mradi hesabu yake imefanywa kwa joto la kwetu. Namba za uwezo wa waya katika majedwali ya kimataifa huchukulia hewa ya nyuzi 30. Waya ukipita darini chini ya bati, na hewa ya humo ikafika nyuzi 50, waya wa PVC unabaki na asilimia 71 tu ya uwezo wake, wakati uliovikwa XLPE unabaki na 82. Kwa hiyo fundi aliyechagua waya wa ampea 20 kwa ajili ya pasi na jiko, asikate kitu kwa ajili ya dari, ameweka waya wa ampea 14. Hautawaka leo. Utachoka, nguo itakakamaa, siku moja utapasuka kwenye kona. Sisemi kila nyumba ibadilishe waya. Nasema PVC nayo ichaguliwe kwa joto lake, na penye joto pasihesabiwe uwezo wa penye ubaridi.

Mtauliza basi mnunuzi atajuaje, kama XLPE na plastiki isiyofumwa zina weupe uleule, na zote zinazuia umeme vilevile siku ya kununuliwa. Wananchi wa Unguja, waliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wakitegemea kebo moja chini ya bahari, wanajua kwamba swali hilo halifai kujibiwa kwa kusubiri. Jibu lipo, nalo linafaa kumalizia, kwa sababu limebeba hoja yote. Kipimo cha umeme hakitakwambia kama plastiki imefumwa. Nimekwisha kusema namba zake hazibadiliki. Kipimo cha joto ndicho kinachosema. Kata ukanda mwembamba wa ile nguo, utundike ndani ya tanuri lenye nyuzi 200, uufunge uzito wa karibu kilo 2 kwa kila sentimita mraba ya eneo la mkato wake, subiri dakika 15. Isiyofumwa itatiririka na kukatika. Iliyofumwa sawasawa itavutika, lakini kwa mujibu wa viwango isirefuke zaidi ya asilimia 175, na uzito ukiondolewa ikapoa, ibaki na urefu wa ziada usiozidi asilimia 15. Kipimo hicho hakitaki mashine ya mabilioni. Kinataka tanuri, jiwe la mizani na rula, na kila shirika la viwango katika kanda yetu linavyo. Anayenunua kebo kwa fedha za umma, iwe ya kata moja au ya kisiwa kizima, aombe cheti cha kipimo hicho kabla ya kutia saini. Na anayenunua roli moja la nyumba yake asome ubavuni mwa waya palipoandikwa XLPE au PVC, na nyuzi ngapi, kabla hajatoa kisu cha kukwaruzia kopa.